Uso wa Mwenye Kiwanda: Uhalisia na Mipaka Yake katika Picha Rasmi za Kuchorwa za Wenye Viwanda, 1789–1904

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wachoraji wa Ulaya walivyowachora wenye viwanda katika picha rasmi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na yanahoji maana ya uhalisia katika picha za aina hiyo. Picha zilizochambuliwa ziliteuliwa kwa makusudi: Richard Arkwright iliyochorwa na Joseph Wright wa Derby, Louis-François Bertin ya Jean-Auguste-Dominique Ingres, Henri Rouart ya Edgar Degas, Pavel Tretyakov ya Ilya Repin, na picha ya kundi ya P. S. Krøyer iitwayo Wanaume wa Viwanda. Hoja kuu ni kwamba picha hizi ni za kweli kuhusu mwili wa mwenye kiwanda, husema nusu ya ukweli kuhusu chanzo cha mali yake, na kwa kawaida hunyamaza kuhusu kazi ya watu waliozalisha mali hiyo. Makala yanapendekeza mkabala wa kusoma picha kwa jozi, ambapo picha ya mwenye kiwanda huwekwa kando ya picha ya kazi iliyochorwa na mkono uleule.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1849 mchoraji Mfaransa Gustave Courbet alichora picha kubwa ya watu wawili wakivunja mawe kando ya barabara. Mmoja ni mzee aliyepiga goti. Mwingine ni kijana aliyebeba kapu zito la mawe. Picha hiyo, iitwayo Wavunja Mawe, ilioneshwa Paris katika maonyesho rasmi ya 1850–1851 na ikawa miongoni mwa kazi zilizouweka Uhalisia katika mjadala wa umma. Haipo tena, kwani iliteketea mwaka 1945 katika vita, ilipokuwa mali ya makumbusho ya Dresden, na leo inajulikana kwa nakala na picha za kamera.

Jambo moja katika picha hiyo lina uzito kwa mada ya makala haya. Uso wa mzee umefunikwa na kivuli cha kofia yake, na kijana amempa mtazamaji mgongo. Mtazamaji anaiona mikono, viraka vya nguo, viatu vilivyochakaa na nyundo, lakini hawezi kuwatambua watu hawa iwapo angekutana nao njiani. Uhalisia uliingia katika sanaa ya Ulaya ukiwa na madai ya kuwaonesha watu wa kawaida, lakini watu hao mara nyingi walioneshwa bila nyuso na bila majina.

Katika karne hiyohiyo, wenye viwanda walikuwa wakiketi mbele ya wachoraji ili nyuso zao zihifadhiwe. Hao walikuwa na majina, na majina hayo ndiyo yaliyokuwa anwani za picha zao. Basi swali linalojitokeza ni hili: zana za uhalisia zilipotumika kumchora mwenye kiwanda badala ya mfanyakazi, zilifichua nini na zilificha nini? Swali hili lina umuhimu wa kiutafiti kwa sababu picha hizi hutumika katika vitabu vya historia kama ushahidi wa jinsi mapinduzi ya viwanda yalivyokuwa. Anayezitumia hivyo bila kuhoji mipaka yake huurithi mtazamo wa aliyelipa bila kujua kwamba ameurithi.

2.0 Istilahi na Mkabala

Neno picha katika Kiswahili hubeba maana pana. Hutumika kwa kitu kilichopigwa kwa kamera, kwa kilichochorwa kwa mkono, na hata kwa filamu. Katika makala haya, picha rasmi ya kuchorwa ni mchoro wa rangi, kwa kawaida rangi za mafuta juu ya kitambaa, unaomwonesha mtu mmoja au kundi la watu wanaotambulika kwa majina, na uliokusudiwa kutunzwa au kutundikwa mahali pa heshima. Si kila picha iliyochambuliwa iliagizwa kwa mkataba. Baadhi zilitokana na urafiki. Hata hivyo, zote zinamweka mbele mtu mwenye jina na hadhi.

Neno uhalisia linafahamika vyema kwa watafiti wa Kiswahili kutokana na uhakiki wa fasihi, hasa wa riwaya na tamthilia. Katika sanaa za uchoraji ni lazima kutofautisha matumizi mawili. La kwanza ni Uhalisia kama harakati ya kihistoria iliyoshika kasi Ufaransa baada ya 1848, na ambayo Courbet aliitangaza hadharani mwaka 1855 alipojenga banda lake mwenyewe la maonyesho jijini Paris. La pili ni uhalisia kama mapokeo mapana ya kumchora mtu kama alivyo, pamoja na makunyanzi, unene na uchovu wake, bila kumgeuza kuwa mungu wa Kigiriki. Wright na Ingres hawakuwa wafuasi wa harakati ya Courbet, ila picha zao mbili zinazojadiliwa hapa zimo katika mapokeo hayo mapana, na ndizo zilizoandaa njia.

Uchambuzi unatumia vigezo vitatu. Kigezo cha kwanza ni mwili: je, picha inauonesha mwili wa mtu kama ulivyo? Cha pili ni chanzo cha mali: je, picha inaonesha utajiri wa mtu huyu umetoka wapi? Cha tatu ni kazi: je, picha inawaonesha waliofanya kazi iliyozalisha utajiri huo? Baada ya hapo, pale inapowezekana, kila picha inasomwa kwa jozi na picha nyingine ya mchoraji yuleyule inayohusu kazi. Faida ya mkabala huu ni kwamba unauweka kando udhaifu wa mchoraji kama sababu. Ikiwa mchoraji mmoja aliweza kuichora kazi mahali pengine, basi ukosefu wake katika picha ya tajiri hauwezi kuelezwa kwa kusema kwamba hakuijua au hakuimudu.

3.0 Muktadha: Kutoka Kasri hadi Kiwandani

Kabla ya wenye viwanda, picha kubwa za heshima Ulaya zilikuwa za wafalme, makabaila, maaskofu na majemadari. Aina hiyo ya picha ilikuwa na lugha yake: pazia zito, nguzo ya mawe, upanga, joho, mbwa wa kuwindia na ardhi ya urithi inayoonekana kwa mbali. Kila kitu kilieleza kwamba hadhi ya mtu imetoka kwa mababu zake. Mwenye kiwanda hakuwa na mababu wa namna hiyo. Alilazimika ama kuiazima lugha ya makabaila au kutafuta lugha mpya.

Lugha mpya ilijengwa juu ya mambo machache. Suti nyeusi ilichukua nafasi ya joho. Charles Baudelaire, katika uhakiki wake wa maonyesho ya 1846, alikwisha kuitambua nguo hiyo nyeusi kuwa vazi la zama zake. Mandhari ya nyuma yalipunguzwa yakawa ukuta mtupu wenye rangi ya udongo au kahawia, ili jicho la mtazamaji lisipate pa kwenda isipokuwa usoni na mikononi. Vifaa vilivyowekwa kando ya mtu vilipungua vikawa kimoja au viwili: karatasi, kitabu, kifaa cha ufundi. Ujumbe ulikuwa kwamba mtu huyu hahitaji mapambo kwa kuwa anajitosheleza.

Inafaa pia kueleza kwa nini picha za kuchorwa ziliendelea kuagizwa baada ya upigaji picha kwa kamera kutangazwa mwaka 1839. Kamera ilikuwa ya haraka na ya bei nafuu, na kwa sababu hiyohiyo haikutosheleza haja ya heshima. Picha ya kuchorwa ilidai vikao kadhaa, ilidumu, na ukubwa wake ulikaribia ukubwa wa mtu mwenyewe. Ikitundikwa katika chumba cha mikutano cha kampuni, iliwaambia waliofuata kwamba mwasisi bado anawatazama. Aidha, katika vikao hivyo palikuwa na majadiliano. Mchoraji alitaka ukweli wa uso; mwagizaji alitaka ukweli unaovumilika. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na mchoraji aliyeishi kwa kuagizwa aliujua ukweli huo hata kama hakuwahi kuusikia msemo huo.

4.0 Uchambuzi wa Picha

4.1 Richard Arkwright (1789–1790)

Richard Arkwright alizaliwa Preston, Uingereza, mwaka 1732. Alianza maisha kama kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia. Mwaka 1769 alipata hataza ya mashine ya kusokota nyuzi za pamba, na mwaka 1771 yeye na wabia wake walianza kujenga kiwanda kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji huko Cromford, katika jimbo la Derbyshire. Mwaka 1786 alipewa cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1792, akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa kizazi chake.

Katika picha ya Wright, Arkwright ameketi kitini akiwa na tumbo kubwa lililojaza fulana yake. Mchoraji hakulipunguza tumbo hilo wala kuunyoosha uso uliojaa nyama. Kwa kigezo cha mwili, picha hii ni ya kweli kiasi cha kushangaza kwa wakati wake. Kwa kigezo cha chanzo cha mali, juu ya meza iliyo kando yake imewekwa seti ya rola za kusokotea pamba. Hicho ndicho kiini cha mashine iliyomtajirisha. Picha ya kabaila isingeweka kifaa cha karakana mezani. Picha hii inakiweka kama wengine walivyoweka upanga.

Hata hivyo, kifaa hicho kinasema zaidi ya kinavyoonekana. Mwaka 1785, miaka minne kabla ya picha kuanza kuchorwa, mahakama ilikuwa imebatilisha hataza ya Arkwright baada ya wapinzani wake kudai kwamba uvumbuzi huo haukuwa wake. Kwa hiyo rola zilizo mezani ni dai. Picha inamrudishia Arkwright kwa rangi kile alichonyang'anywa kwa hukumu, yaani sifa ya mvumbuzi. Hapa tayari unaonekana mpaka wa uhalisia: kila kitu kilichochorwa ni cha kweli, na bado mpangilio wake unatetea upande mmoja wa shauri.

Kwa kigezo cha tatu, kazi haipo. Rola zimelala mezani, hazizunguki, na hakuna uzi unaopita kati yake. Katika hali halisi, kiwanda cha Cromford kilifanya kazi usiku na mchana kwa zamu za saa 12, na wengi wa wafanyakazi wake walikuwa watoto. Wright aliyajua mazingira hayo. Miaka michache kabla, takriban 1782–1783, alikuwa amechora mandhari ya viwanda vya Arkwright usiku, safu kwa safu za madirisha zikiwaka chini ya mbalamwezi bondeni. Ukizisoma picha hizi mbili kwa jozi, madirisha yanayowaka yanaeleza kile ambacho rola zilizolala zinakinyamazia: kwamba ndani kuna watu walio macho wakati wengine wamelala. Lakini hata katika picha hiyo ya pili watu hao hawaonekani. Kinachoonekana ni mwanga wao tu.

4.2 Louis-François Bertin (1832)

Bertin hakuwa na kiwanda cha nguo wala cha chuma. Alikuwa mmiliki na mwendeshaji wa gazeti la Journal des Débats jijini Paris, na gazeti la karne ya 19 lilikuwa biashara iliyotegemea mitambo, karatasi na vibarua wengi. Picha yake iliyochorwa na Ingres, ambayo sasa imo Louvre, imeingizwa hapa kwa sababu ilikuwa kigezo ambacho picha nyingi za wenye mali zilizofuata zilipimwa nacho.

Inasimuliwa kwamba Ingres alihangaika kwa muda kumpata Bertin katika mkao unaofaa, hadi alipomwona akiwa katikati ya mazungumzo, mikono juu ya magoti. Mkao huo ndio uliobaki. Mzee mnene mwenye nywele za mvi ameketi akiwa ameelekea mbele kidogo, vidole vimetanuka juu ya mapaja, suti yake nyeusi ikijaza sehemu kubwa ya kitambaa. Hakuna chombo chochote cha kazi yake, hata gazeti lenyewe. Mikono ndiyo inayozungumza, nayo haishiki kalamu wala kitu kingine. Ni mikono ya mtu anayengoja msemaji amalize ili yeye aamue.

Kwa kigezo cha mwili, picha hii ni ya kweli kabisa. Kwa vigezo vingine viwili, imefuta kila kitu. Badiliko kati ya Arkwright na Bertin ni la msingi kwa historia ya aina hii ya picha: mamlaka yamehama kutoka kwenye kifaa hadi kwenye mwili wenyewe. Arkwright alihitaji rola ili aeleweke. Bertin hahitaji maelezo. Tangu hapo, kukosekana kwa kiwanda katika picha ya mwenye kiwanda kukawa ishara ya hadhi, na ishara hiyo ikapokewa kana kwamba ni usahili tu wa mtindo.

4.3 Henri Rouart (takriban 1875)

Degas aliuvunja utaratibu huo. Henri Rouart alikuwa rafiki yake tangu shule, mhandisi, mwenye kampuni ya mashine, mkusanyaji wa picha, na mchoraji aliyeshiriki katika maonyesho ya kundi la Degas. Wawili hao walikutana tena katika kikosi cha mizinga wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia mwaka 1870. Picha ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Carnegie, Pittsburgh, inamwonesha Rouart kwa upande, akiwa amevaa kofia ndefu nyeusi. Nyuma yake reli zinakimbilia kwenye kiwanda, na mabomba ya moshi yamesimama angani.

Picha ni ndogo na haina fahari ya chumba cha mikutano. Lakini ndiyo pekee kati ya zilizochambuliwa inayoweka uso wa mwenye kiwanda na kiwanda chenyewe katika fremu moja, kwa namna ambayo kimoja hakiwezi kutazamwa bila kingine. Mistari ya reli inakutana nyuma ya kichwa chake, kiasi kwamba kiwanda kinaonekana kama wazo linalotoka, au linaloingia, katika kichwa hicho. Rouart mwenyewe hatazami nyuma wala hamtazami mtazamaji. Uso wake umetulia, na ndani ya utulivu huo mna uchovu.

Chanzo cha mali kimeoneshwa bila kificho na bila majivuno. Hata hivyo, uwanja wa kiwanda ni mtupu. Reli zipo, moshi upo, watu hawapo. Urafiki ulimruhusu Degas kusema zaidi ya mkataba ungemruhusu, lakini haukumfikisha kwenye kigezo cha tatu.

4.4 Pavel Tretyakov (1876, 1883, 1901)

Nchini Urusi, uhalisia ulikuwa na uhusiano wa pekee na tabaka la wenye viwanda, kwani tabaka hilo ndilo lililoununua. Mwaka 1863 wanafunzi 14 waliachana na Chuo cha Sanaa cha St. Petersburg kwa kupinga masharti yake, Ivan Kramskoi akiwa kiongozi wao. Mwaka 1870 iliundwa jumuiya ya wachoraji waliopeleka maonyesho yao mji hadi mji, na onyesho lao la kwanza lilifunguliwa mwaka 1871. Mnunuzi wao mkuu alikuwa Pavel Tretyakov, mfanyabiashara wa Moscow ambaye familia yake ilimiliki kiwanda kikubwa cha kitani huko Kostroma. Mwaka 1892 aliukabidhi mkusanyo wake kwa jiji la Moscow, na ndio msingi wa jumba la sanaa linaloitwa kwa jina lake hadi leo.

Kramskoi alimchora Tretyakov mwaka 1876, na Repin alimchora mwaka 1883. Tretyakov alifariki mwaka 1898, na mwaka 1901 Repin akamchora tena, safari hii akiwa amesimama, mikono imekunjwa kifuani, na nyuma yake kuta zilizojaa picha alizokusanya. Mwili ni mwembamba, mabega hayana majivuno, na uso ni wa mtu wa kutafakari. Mtazamaji asiyejua historia angemdhani kuwa profesa au kasisi.

Kigezo cha pili hapa kinaleta jambo jipya. Chanzo cha mali hakikuondolewa tu, bali kimebadilishwa na matumizi ya mali. Picha za ukutani zimekaa mahali ambapo mitambo ya kitani ingekaa. Tretyakov alitoa kweli, na jiji lilipokea kweli. Hakuna uongo hapo. Lakini picha inaueleza utajiri kwa kuanzia mwisho wake, pale ulipokwisha kugeuka kuwa zawadi.

Jozi ya picha hii ni Wavuta Matishari wa Volga, kazi ya Repin ya 1870–1873, ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Urusi, St. Petersburg. Watu 11 waliofungwa mikanda vifuani wanakokota chombo kikubwa cha mizigo kandokando ya mto. Kinyume na wavunja mawe wa Courbet, hawa wana nyuso, na kila uso una tabia yake. Repin alikaa nao, akawachora mmojammoja, na katika kumbukumbu zake alimtaja anayeongoza, Kanin, aliyewahi kuwa kasisi. Ushahidi huu unalazimu hoja ya makala haya irekebishwe. Si kweli kwamba uhalisia haukuweza kumpa mfanyakazi uso. Uliweza. Ambacho haukumpa ni anwani. Picha ya Tretyakov inaitwa Tretyakov. Picha ya Kanin inaitwa wavuta matishari. Jina lake linapatikana kwa anayesoma kumbukumbu za mchoraji, si kwa anayesoma kibao kilicho chini ya picha.

4.5 Wanaume wa Viwanda (1903–1904)

Mfano wa mwisho ni wa Denmark. Mhandisi na mwenye viwanda Gustav Adolph Hagemann alimwagiza P. S. Krøyer achore picha kubwa ya kundi la watu waliouongoza uchumi wa viwanda wa nchi yao. Matokeo yake, yaliyo katika Makumbusho ya Historia ya Taifa kwenye Kasri la Frederiksborg, ni picha ya wanaume 53 waliokusanyika mbele ya mitambo ya kituo cha kuzalisha umeme cha Østre, jijini Copenhagen, kilichokuwa kipya wakati huo. Wamevaa nguo nyeusi, wamesimama na kuketi kama watu waliokuja kwenye hafla, na kila mmoja anatambulika kwa sura na kwa jina.

Picha hii inarudisha mtambo uliotoweka tangu Arkwright, lakini kwa maana tofauti. Rola za Arkwright zilikuwa dai la mtu mmoja kuhusu uvumbuzi wake. Mitambo ya Østre ni mandhari ya pamoja, kama pazia na nguzo zilivyokuwa mandhari ya makabaila. Tabaka lililokuwa likitafuta lugha tangu karne ya 18 limekwisha kuipata, na mashine imekuwa pambo la ukumbi wake.

Jozi yake ina uzito wa pekee, kwa sababu mwaka 1885 Krøyer huyohuyo alikuwa amechora ndani ya kiwanda cha kusubu chuma cha Burmeister & Wain. Humo moto wa chuma kilichoyeyuka ndio taa ya chumba, na miili ya wafanyakazi inaonekana kwa mwanga wa kazi yao wenyewe. Miaka chini ya 20 inatenganisha picha hizo mbili. Mji ni mmoja, mchoraji ni mmoja, mada ni viwanda katika zote mbili. Katika ya kwanza kuna kazi. Katika ya pili kuna wanaume 53 wenye majina. Ili kuiona historia nzima ya viwanda vya Copenhagen kama Krøyer alivyoiona, mtazamaji analazimika kutoka makumbusho moja na kwenda nyingine.

5.0 Mjadala

Matokeo ya uchambuzi yanaonesha mpangilio unaojirudia. Kigezo cha mwili kimetimizwa katika picha zote. Hapa ndipo uhalisia ulipopata ushindi wake: tumbo la Arkwright, vidole vya Bertin, uchovu wa Rouart na wembamba wa Tretyakov vimehifadhiwa bila kurembwa. Kigezo cha chanzo cha mali kimetimizwa kwa viwango tofauti. Arkwright ana kifaa, Bertin hana kitu, Rouart ana kiwanda, Tretyakov ana matunda ya mali, na kundi la Krøyer lina mtambo uliogeuka kuwa mandhari. Kigezo cha kazi hakikutimizwa na yeyote.

Maelezo mepesi yangekuwa kwamba wachoraji walinunuliwa. Maelezo hayo hayatoshi. Degas alimchora rafiki. Repin aliichora picha ya 1901 baada ya mhusika kufa. Tena, wachoraji hawa hawakuwa wageni wa kazi. Jozi zao zinathibitisha. Inaelekea basi kwamba ukimya huo umo ndani ya aina yenyewe ya picha. Picha ya mtu huuliza swali moja tu: huyu ni nani? Haiulizi: huyu amewezeshwa na nani? Uhalisia ulipoingia katika aina hiyo uliboresha jibu la swali la kwanza, lakini haukuwa na mamlaka ya kubadilisha swali.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba si haki kuidai picha ya mtu mmoja ioneshe watu maelfu. Pingamizi hilo lina nguvu, na kwa sababu hiyo makala haya hayawashutumu wachoraji. Hoja si kwamba Wright alipaswa kuwapanga watoto wa Cromford nyuma ya kiti cha Arkwright. Hoja ni kwamba mtafiti anayeitumia picha ya Arkwright kama ushahidi wa mapinduzi ya viwanda ana wajibu wa kuiweka kando ya ile ya madirisha ya usiku. Mfano wa kinyume upo pia: Adolph Menzel, katika picha yake ya kiwanda cha kufinyanga chuma ya 1872–1875, alijaza kitambaa kwa wafanyakazi wanaosukuma, wanaokula na wanaonawa, na kwa mbali akamweka mtu mwenye kofia ambaye wachambuzi humchukulia kuwa mkurugenzi. Huko mwenye mamlaka ndiye aliyepungua akawa umbo dogo. Nafasi ndani ya kitambaa ina kikomo, na kila mchoraji huamua nani aijaze.

Kuna tahadhari moja ya kimbinu. Kusoma kwa jozi hakuthibitishi lolote kuhusu mwenendo wa mwenye kiwanda fulani kwa wafanyakazi wake. Wavuta matishari wa Volga hawakuwa vibarua wa Tretyakov, na si halali kumhukumu kwa mikanda iliyo vifuani mwao. Jozi huthibitisha jambo kuhusu sanaa: namna kipaji kilekile kilivyogawanywa kati ya aina mbili za picha, na namna mgawanyo huo ulivyoamua nani akumbukwe kwa jina na nani akumbukwe kwa kazi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba picha rasmi za wenye viwanda zilikua kutoka kwenye dai la mvumbuzi mmoja hadi kwenye ukumbi wa tabaka zima, na kwamba katika safari hiyo uhalisia ulibaki mwaminifu kwa mwili huku ukiwa kimya kuhusu kazi. Kwa mtafiti, picha ya namna hii ni ushahidi mzuri wa jinsi mwenye kiwanda alivyokuwa na jinsi alivyotaka kueleweka. Si ushahidi unaojitosheleza wa jinsi kiwanda kilivyokuwa.

Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zipime mkabala wa kusoma kwa jozi kwa wachoraji wa nchi nyingine, na kwamba orodha za makumbusho ziandikwe kwa namna itakayomwelekeza mtazamaji kutoka picha ya mwenye mali hadi picha ya kazi inayohusiana nayo. Aidha, pale ambapo jina la mfanyakazi aliyechorwa linafahamika, kama linavyofahamika la Kanin, liandikwe kwenye kibao. Kufanya hivyo hakuhitaji kuondoa picha yoyote ukutani wala kugusa rangi ya mchoraji.